Dola na dola

Nikiwa mvulana nilikuwa na daftari la mistari nililokuwa nikilificha chini ya godoro. Nililigawa kurasa mbili mbili: kushoto Marekani, kulia Umoja wa Kisovieti. Chini ya kila jina niliandika chochote nilichokisikia redioni au kukiokota kwenye magazeti yaliyokwisha kusomwa na wakubwa: askari, nyambizi, vifaru, ndege za kivita, vichwa vya nyuklia. Nikipata namba mpya nafuta ya zamani kwa kifutio, karatasi inachubuka, naandika upya juu ya mchubuko. Kwangu mimi swali la nani mkubwa duniani lilikuwa hesabu ya kujumlisha, na mara nyingi ukurasa wa kulia ndio ulioshinda. Askari karibu milioni 4. Vichwa vya nyuklia makumi ya maelfu. Ardhi ya kilomita za mraba milioni 22, yaani moja ya sita ya nchi kavu yote.

Tarehe 25 Desemba 1991 zikaja habari kwamba Rais Mikhail Gorbachev amejiuzulu na bendera nyekundu imeteremshwa juu ya Kremlin. Nikalivuta daftari nikaupitia ukurasa wa kulia mstari kwa mstari. Hakuna namba iliyokuwa imepungua. Vifaru vilikuwa vilevile, nyambizi zilezile, makombora yamelala kwenye mashimo yake bila hata moja kurushwa. Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi, na nchi yenyewe haipo.

Miaka mingi baadaye nilisoma kisa kidogo cha usiku ule. Gorbachev alipoijaribu kalamu yake kabla ya kutia saini, haikuandika. Aliyemwazima kalamu alikuwa Tom Johnson, rais wa kituo cha televisheni cha CNN, Mmarekani aliyekuwepo chumbani na wapiga picha wake. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya kalamu. Mimi kilinipeleka kwenye jambo jingine ambalo daftari langu halikuwa na safu yake. Bei ya mafuta iliporomoka mwaka 1986, mapato ya Moscow yakaporomoka nayo, na kufikia mwisho wa 1991 hazina ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka. Nchi yenye silaha za kuiangamiza dunia ilikuwa inapiga hodi kwa wakopeshaji ili inunue nafaka, na wakopeshaji walikuwa wanaangalia pembeni.

Tangu wakati ule sijaacha kulifuatilia swali hili: taifa lililo juu ya mengine yote linaweza kubaki pale? Siku hizi linaulizwa kuhusu Marekani, na naliona likijibiwa kila siku kwa daftari langu la utotoni. Anayesema Marekani haitikisiki anataja meli zake 11 za kubebea ndege za kivita na bajeti ya ulinzi inayokaribia dola trilioni moja kwa mwaka. Anayesema imekwisha anataja viwanda vya China, vinavyotoa karibu theluthi moja ya bidhaa zote za viwandani duniani, na karakana zake za meli zinazounda zaidi ya nusu ya shehena mpya ya meli za biashara ilhali Marekani haifikishi hata asilimia moja. Namba zote hizo ni za kweli. Ila mimi nilishawahi kuona ukurasa mzima wa namba za kweli ukibaki bila nchi.

Kiswahili kina neno lililonisaidia kulifikiria jambo hili kuliko vitabu vingi. Tukisema vyombo vya dola, tunamaanisha serikali na mabavu yake: polisi, jeshi, mahakama, magereza. Tukisema dola mia, tunamaanisha noti ya Kimarekani. Maneno haya mawili hayana udugu wowote. La kwanza ni Kiarabu, dawla, kutoka mzizi wenye maana ya kuzunguka na kupokezana, zamu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. La pili limetoka kwenye thaler, sarafu ya fedha iliyofuliwa karne ya 16 katika bonde la Joachimsthal huko Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Cheki, likapita lugha kadhaa za Ulaya mpaka likatufikia sisi. Yamekutana kwenye ulimi wetu kwa bahati tu. Lakini kila nikisoma jinsi mataifa makubwa yanavyopanda na kushuka nayaona yametembea pamoja. Dola ya mabavu husimama pale ambapo dunia inaikubali dola ya mfukoni, na inaikubali kwa hiari.

Hiari ndilo neno ninalotaka kulikazia. Noti ya dola 100 hugharimu senti chache kuichapisha. Mtu aliye mbali kabisa na Marekani, ambaye hajawahi kuiona wala hana mpango wa kuiona, atafanya kazi, atavuna, atashona au atachimba, kisha atakubali kulipwa karatasi ile, na ataiweka kabatini akiamini kwamba kesho mwingine ataipokea. Benki kuu za dunia nzima zinafanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi: zinaikopesha serikali ya Marekani kwa kununua hati fungani zake, na kuziita akiba. Hakuna askari aliyesimama mlangoni kuwalazimisha. Siku wakiamua kuziondoa, hakuna askari atakayewarudisha.

Hispania haikulijua hili, au ililijua ikalipuuza. Mwaka 1545 mlima wa fedha ulipatikana Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia, na maelfu kwa maelfu ya watu wa asili walilazimishwa kuuchimba. Kiswahili tena kinaonya: fedha ya kufulia mkufu na fedha ya kulipia deni tunaziita jina moja, na wafalme wa Hispania walizichukulia hivyohivyo, kana kwamba mwenye ya kwanza hawezi kupungukiwa ya pili. Felipe II alitangaza kushindwa kulipa madeni mwaka 1557, 1560, 1575 na 1596. Meli zilizokuja na fedha ya Potosí zilikuwa zimeshaliwa kabla hazijatia nanga, kwa kuwa mzigo wake ulikwishaahidiwa kwa mabenki wa Genoa waliogharamia vita vya mwaka uliopita. Mfalme huyu alikuwa na himaya iliyozunguka dunia, na alikuwa akingoja majibu ya barua kutoka kwa wakopeshaji.

Uingereza ndiyo inayonigusa zaidi. Anguko lake limeandikwa karibu siku kwa siku, na linaonyesha jambo ambalo mijadala ya leo hulipita haraka. Mwaka 1897 ilipoadhimisha miaka 60 ya Malkia Victoria kwenye kiti cha enzi, ilipanga manowari zaidi ya 160 huko Spithead, pwani ya kusini mwa nchi, zikatazamwe, bila kuziita zilizokuwa kazini bahari za mbali. Aliyezitazama siku ile asingeweza kuamini kwamba uchumi wa Marekani ulikwishaupita wa Uingereza miaka mingi kabla. Ndivyo ilivyokuwa. Marekani ilikuwa kubwa zaidi kiuchumi tangu miaka ya 1870 hivi, lakini pauni iliendelea kuwa fedha ya dunia, na London kuwa mahali pa kukopea, kwa zaidi ya miaka 40 baadaye. Kupitwa hakukuishusha. Wale wanaohesabu mwaka gani China itaipita Marekani kwa pato la taifa, kana kwamba siku hiyo kengele italia na taji litavuliwa, wangefaa kuiangalia ile miaka 40. Kwa kipimo kinachozingatia bei za ndani za kila nchi, China ilishaipita Marekani karibu mwaka 2014, na hakuna aliyehamisha taji.

Kilichoishusha Uingereza ni vita viwili vikuu, na deni. Mwishoni mwa 1945 mchumi John Maynard Keynes alikwenda Washington kwa niaba ya serikali yake akitumaini kupewa ruzuku. Hoja yake ilikuwa kwamba Uingereza ilikuwa imesimama peke yake dhidi ya Hitler mwaka mzima, na hilo lilistahili shukrani. Akarudi na mkopo: dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2, kulipwa kwa mafungu 50 ya kila mwaka. Ulikuwa na sharti moja ambalo ningependa ulitazame kwa karibu. Ndani ya mwaka mmoja tangu mkopo uanze kutumika, Uingereza ilitakiwa imruhusu yeyote anayepata pauni katika biashara azibadilishe kuwa dola akitaka.

Sharti hilo lilianza kazi tarehe 15 Julai 1947. Fikiria dirisha la benki lililokuwa limefungwa kwa miaka minane, sasa linafunguliwa. Nje pamejaa watu wenye pauni: nchi zilizoiuzia Uingereza nyama, pamba, ngano na mafuta, makoloni yaliyolazimika kuikopesha wakati wa vita, wafanyabiashara wa Ulaya waliohitaji mashine za Kimarekani. Kwa zaidi ya karne moja walikuwa wameambiwa kwamba pauni ni salama kama dhahabu. Dirisha lilipofunguliwa wote walitaka kitu kimoja: waiache pauni, wachukue dola. Fedha za mkopo zilizotarajiwa kudumu miaka zikaanza kuyeyuka kwa wiki. Tarehe 15 Agosti India ikawa huru. Tarehe 20 Agosti, wiki tano tu tangu lifunguliwe, dirisha likafungwa tena.

Katika vitabu vya historia tarehe 15 Agosti ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa, na inastahili, maana watu karibu milioni 400, wa India na Pakistan, walitoka chini ya himaya. Lakini mimi naamini kwamba aliyetaka kujua kama Uingereza bado ni dola kuu angejibiwa na lile dirisha. Manowari bado zilikuwepo. Askari walikuwepo mpaka Singapore. Kilichokuwa kimeondoka ni utayari wa watu wengine kushika karatasi yake.

Jibu lenyewe lilikuwa limeshawasilishwa miezi michache nyuma, na walioliwasilisha ni Waingereza wenyewe. Ijumaa ya tarehe 21 Februari 1947, katika msimu wa baridi kali ambapo makaa ya mawe yalikuwa haba na viwanda vya Uingereza vimezimwa, ofisa wa ubalozi wake alifika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani na nyaraka mbili. Zilisema Uingereza haitaweza tena kuzisaidia Ugiriki na Uturuki, na misaada itakoma tarehe 31 Machi. Wiki tano hivi. Tarehe 12 Machi Rais Harry Truman alisimama mbele ya Bunge akaomba dola milioni 400 kwa ajili ya nchi hizo mbili. Kijiti cha kuongoza nusu ya dunia kilipokezwa kwa nyaraka mbili zilizoletwa na ofisa wa daraja la kati siku ya Ijumaa.

Wengi huona kwamba mwisho wa Uingereza ulikuja Suez mwaka 1956, na mimi nakubali kwamba pale ndipo ilipofahamu. Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, alitaifisha Mfereji wa Suez tarehe 26 Julai. Mwishoni mwa Oktoba Israeli ikaivamia Misri, kisha Uingereza na Ufaransa zikaingia, kwa mpango waliokuwa wameupanga kwa siri wote watatu. Kijeshi mambo yaliwaendea vizuri. Lakini pauni ilianza kuuzwa kwa kasi, na Rais Dwight Eisenhower, aliyekasirika kwamba alifichwa, aliizuia Uingereza isipate fedha kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, mpaka majeshi yaondoke. Harold Macmillan, waziri wa fedha, aliyekuwa mmoja wa waliopigia debe vita, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema visimame. Vikasimama usiku wa tarehe 6 Novemba. Askari wa Uingereza hawakushindwa na jeshi lolote. Walirudishwa nyumbani na daftari la akiba.

Marekani ya leo iko wapi kwenye njia hii? Kwanza niseme kwamba nimeshuhudia na kusoma mazishi yake mengi mno kiasi cha kutoyakimbilia tena. Mwaka 1957 Wasovieti waliporusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, ilisemekana imepitwa. Tarehe 30 Aprili 1975 helikopta zilipokuwa zikiwaokoa watu Saigon mwishoni mwa vita vya Vietnam, ilisemekana imechoka. Miaka ya 1980 ilikuwa zamu ya Japani. Mwaka 1989 kampuni ya Kijapani ilinunua sehemu kubwa ya Rockefeller Center katikati ya New York, na watu wenye akili zao waliandika kwamba karne ijayo ni ya Tokyo. Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo soko la hisa la Japani lilifika kilele, kisha likaanguka, na halikukiona tena kilele kile mpaka Februari 2024. Miaka 34.

Hata dola yenyewe iliwahi kuvunja ahadi yake ikapona. Katika mkutano wa Bretton Woods, Julai 1944, mataifa 44 yalikubaliana kwamba wakia moja ya dhahabu itakuwa dola 35, na kwamba serikali ya kigeni yenye dola inaweza kudai dhahabu. Miaka ya 1960 Ufaransa ya Charles de Gaulle ikaanza kudai kwa bidii. Akiba ya dhahabu ya Marekani ilikuwa zaidi ya tani 20,000 baada ya vita, na kufikia 1971 ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Jumapili jioni, tarehe 15 Agosti 1971, Richard Nixon alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba dirisha la dhahabu limefungwa. Kwa hesabu ya 1947, dunia ingeikimbia dola. Haikuikimbia, maana ilikuwa haina pa kwenda. Hakukuwa na soko lingine lenye kina kile, mahakama zile, na uhakika ule kwamba mgeni akiweka mali yake leo ataikuta kesho.

Nimelifikiria sana hili la mgeni kuikuta mali yake. Ndilo linalonifanya niwe na matumaini na Marekani kuliko wanaoiandikia tanzia, na ndilo linalonitia hofu kuliko wanaoisifu. Wageni hawakuweka fedha peke yake. Waliweka watoto wao: katika mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa kigeni katika vyuo vya Marekani walizidi milioni 1.1. Waliweka akili zao. Albert Einstein alihamia huko mwaka 1933, Enrico Fermi mwaka 1938, wote wakikimbia Ulaya ya chuki. Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia, alizaliwa Taiwan; Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google, alizaliwa Moscow. Taifa linaloletewa watoto wa wengine, wakiwa wamelelewa na kusomeshwa kwa gharama za wengine, halishindwi kirahisi na taifa linalotegemea waliozaliwa ndani tu. China idadi ya watu wake ilianza kupungua mwaka 2022, na wahamiaji haiwapokei kwa kiasi cha kuziba pengo. Katika mambo yote yanayosemwa juu ya mashindano ya nchi hizi mbili, hili naliona zito kuliko manowari.

Tena fedha ya China, pamoja na ukubwa wa viwanda vyake, haifiki hata asilimia 3 ya akiba za benki kuu duniani. Sababu yake iko wazi. Serikali ya China inadhibiti fedha kuingia na kutoka, na mwenye mali hana hakika kama mlango utakuwa wazi siku atakayotaka kutoka. Mwaka 1433 safari kubwa za baharini za amiri wa Kichina Zheng He, zilizofika mpaka pwani ya Afrika Mashariki, zilikoma, na baadaye watawala wa ukoo wa Ming, uliotawala China wakati ule, wakaacha kabisa kujenga meli za aina ile. Hakuna adui aliyezizamisha. China iliamua kujifungia, na ilikuwa na uwezo wa kuamua hivyo kwa sababu wachache waliamua kwa niaba ya wote. Anayeweka akiba huyakumbuka mambo ya namna hii.

Kwa hiyo Marekani haina mrithi aliyesimama mlangoni kama yeye alivyosimama mlangoni kwa Uingereza. Ina bahari mbili pande zake, majirani wasioitishia, ardhi yenye rutuba, na mafuta mengi kuliko nchi yoyote inayoyachimba leo. Ukiniuliza kama inaweza kubaki ya kwanza kwa miaka mingi ijayo, nitasema inaweza. Lakini inaitumia ile amana kwa namna ambayo inaniumiza kuitazama.

Deni la serikali yake lilivuka dola trilioni 36 mwishoni mwa 2024, na mwaka huo wa fedha riba peke yake ilizidi matumizi ya ulinzi. Mei 2025 Moody's ikawa ya mwisho kati ya kampuni tatu kubwa za kupima ukopeshekaji kuiondolea daraja la juu kabisa; Standard & Poor's ilifanya hivyo mwaka 2011, Fitch mwaka 2023. Bado watu wanainunua hati fungani ya Marekani, na deni lenyewe silihofii sana. Nahofia zaidi jinsi mdaiwa anavyowatendea wanaomdai na wanaomtegemea.

Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Marekani na washirika wake walizuia akiba za benki kuu ya Urusi zilizokuwa nje, takribani dola bilioni 300. Uvamizi ule ulikuwa dhuluma na sina neno la kuutetea. Ila kila gavana wa benki kuu duniani aliona siku ile kwamba akiba aliyoiweka kwa mkubwa inaweza kufungiwa. Mwaka huo benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu, mwaka uliofuata vilevile, na 2024 tena. Mgao wa dola katika akiba za dunia, uliokuwa asilimia 71 hivi mwaka 1999, umeshuka chini ya 60. Hii si ile mbio ya dirishani ya 1947. Ni watu wanaotoka mmoja mmoja bila kelele, wakiacha kiti chao kama kilivyo.

Na kuna Denmark, ambayo naitaja kila nikizungumzia jambo hili. Mkataba wa NATO wa 1949 una kifungu cha 5, kwamba akishambuliwa mmoja wameshambuliwa wote. Katika historia yote ya jumuiya hiyo kifungu hicho kimetumika mara moja tu, na kilitumika kuitetea Marekani, baada ya tarehe 11 Septemba 2001. Denmark, nchi yenye watu milioni 6 hivi, ilipeleka askari Afghanistan, na zaidi ya 40 walirudi ndani ya majeneza. Kwa idadi ya watu wake ni moja ya hasara kubwa kuliko za washirika wote. Mwaka 2025 rais wa Marekani alisema anaitaka Greenland, ambayo ni sehemu ya ufalme wa Denmark, na alipoulizwa kuhusu kutumia nguvu hakukubali kuliondoa jambo hilo mezani. Nimejaribu kujiweka mahali pa mzazi wa mmoja wa askari wale 40 na zaidi, akisikia maneno hayo. Hakuna safu ya daftari inayoweza kuandika kile ambacho Marekani ilikipoteza pale, na sidhani kama kinanunulika tena kwa fedha.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, USAID, shirika lililoanzishwa na John F. Kennedy mwaka 1961, lilifungwa rasmi. Wapo waliofurahi wakisema misaada ilikuwa mnyororo, na katika baadhi ya mambo wana hoja. Lakini mgonjwa aliyekuwa akipata dawa yake kila mwezi hakuulizwa kuhusu minyororo. Aliambiwa tu hakuna. Mwezi Aprili kabla ya hapo Marekani ilikuwa imepandisha ushuru wa bidhaa za China mpaka asilimia 145, China ikajibu kwa 125 na kwa kubana uuzaji wa madini adimu, ambayo karibu asilimia 90 ya usafishaji wake duniani hufanyika huko. Bila madini hayo viwanda vya magari, ndege na silaha vinakwama. Mei pande zote mbili zilikubaliana Geneva kushusha ushuru. Sitaiita Suez, kwa kuwa hakuna aliyefukuzwa. Ila kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeiona Marekani ikianza ugomvi wa kiuchumi na kulazimika kupima kama inaweza kuumaliza.

Rafiki yangu mmoja, msomaji sana, ananiambia kwamba nalia bure: Marekani ikishuka dunia itakuwa na wakubwa kadhaa, na hilo ni heri kwa wanyonge. Natamani nimwamini. Miaka ambayo pauni ilikuwa imedhoofika na dola bado haijataka kubeba mzigo, kati ya vita viwili vikuu, ilikuwa miaka ya mdororo wa 1929, ya ushuru wa kukomoana, na ya Hitler. Hakukuwa na aliyekopesha wakati wote wamekaukiwa. Kinachoniuma ni kipindi cha katikati, mzee akiwa ameshaachia na kijana hajashika, na kila ninapokisoma nakuta waliolipa ni wale ambao hawakuwa na manowari hata moja.

Ule mkopo wa Keynes, kwa wanaotaka kujua uliishaje: mara sita Uingereza iliahirisha fungu la mwaka, na 1956 ulikuwa mmojawapo. Keynes mwenyewe hakuona hata unaanza, maana alifariki Aprili 1946, miezi mitatu kabla Bunge la Marekani halijamaliza kuupitisha. India ilikwishaondoka, na makoloni ya Afrika yakaondoka, manowari zikauzwa chakavu, pauni ikashushwa thamani mwaka 1949 na tena 1967, na mafungu yakaendelea kulipwa. Siku za mwisho za Desemba 2006 Hazina ya Uingereza ilipeleka fungu la mwisho, dola milioni 83 na ushei. London ilikuwa bado soko kubwa kuliko yote duniani la kubadilisha fedha za kigeni, na kilichokuwa kikinunuliwa na kuuzwa pale kuliko kingine chochote ni dola.